Kuhama Nyumba au Kuitengeneza

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama)



Halmashauri ya Chama imetutaka tunene nanyi habari za nyumba. Hatukutakiwa kueleza namna ya kujenga, maana hilo ni shauri la mafundi, wala kunena juu ya mishahara, maana hilo limenenwa katika kila mkutano na litanenwa tena. Tumepewa swali moja tu, ambalo wengi katika ninyi mmekwisha kutuuliza mmoja mmoja, ofisini na njiani: mtu mwenye nyumba yake iliyochakaa, je, yafaa aitengeneze, au yafaa aiuze akajenge mahali pengine?

Swali hili halina jibu moja litakalowafaa watu wote. Lakini lina mlango wake wa kuingilia, nasi twaona watu wengi huingilia dirishani. Huanza na fedha. Mtu huuliza bati ni kiasi gani siku hizi, kiwanja cha Chanika ni kiasi gani, kisha hulishika lile lililo rahisi akalifanya kuwa ndilo shauri jema. Twaona fedha ingoje nyuma. Neno la kwanza ni kuuliza: ubovu u wapi? Ikiwa ubovu umo katika nyumba yenyewe, yaani paa, ukuta, sakafu au choo, mara nyingi nyumba hutengenezeka. Ikiwa ubovu umo katika ardhi iliyo chini ya nyumba, au katika karatasi za kiwanja, hapana fundi awezaye kuuondoa. Na mara nyingine ubovu haumo katika nyumba wala katika ardhi, bali umo katika watu wakaao humo, nao huo huhama pamoja nao waendako.

Tuitazame kwanza nyumba ambayo wengi wetu twaijua, ile ya vyumba sita iliyojengwa kwa wingi Dar es Salaam, katika Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, na kule Tanga katika Ngamiani. Ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu mkono wa kuume na vitatu mkono wa kushoto, kisha ua nyuma wenye jiko, choo na bafu. Zile za zamani zaidi kuta zake ni za miti na udongo, zimepakwa chokaa, au zimepigwa plasta ya saruji baadaye. Zilizofuata ni za matofali ya saruji. Nyumba hii hudharauliwa siku hizi, hasa na vijana wetu ambao wameona nyumba zenye sebule pana na mahali pa kuweka gari. Lakini ni nyumba yenye akili. Kila chumba kina mlango wake ukumbini. Kimoja kikiharibika, vitano vingali vyakalika. Mwenye nyumba akipungukiwa, hupangisha viwili vya mbele. Mwanawe akioa, humpa kimoja cha nyuma. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba nyumba yake imepitwa na wakati mpaka kwanza ameikagua kwa macho yake.

Ukaguzi huanza juu. Siku ya jua kali, ikiwa chumba hakina dari, ingieni ndani mfunge mlango na dirisha, mtazame juu: kila tundu la bati litajionyesha kwa nuru yake. Bati lililotoboka si jambo kubwa, hubadilishwa. Lililo kubwa ni mbao za kenchi. Chukueni msumari mrefu, mchome mbao pale inapokalia ukuta, maana mchwa hupanda kwa njia ya ukuta. Mbao ikiumeza msumari kama mhogo uliopikwa, paa hilo halitapona kwa kubadili bati. Lazima livuliwe lote. Na mtakapokwenda kununua bati, kumbukeni ya kuwa namba ya geji hupanda kadiri bati linavyozidi kuwa jembamba; bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Mwuza duka anayewaambia kuwa 30 ni kubwa kuliko 28 asema kweli ya hesabu, si kweli ya bati.

Halafu kuta. Si kila ufa ni ugonjwa. Nyufa nyembamba kama unywele katika plasta ni za kukauka kwa saruji, nazo hazina neno. Ufa wa kuogopwa ni ule upandao kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, ukawa mpana hata kuingia sarafu, na upande wake mmoja umejitokeza kuliko wa pili. Ufa huo mara nyingi asili yake si ukuta, ni msingi. Methali yasema asiyeziba ufa atajenga ukuta, nasi twaikubali, ila aliyeitunga bila shaka msingi wake ulikuwa mzuri. Ufa wa msingi ukizibwa leo, baada ya masika utafunguka pale pale au kando yake. Basi kabla ya kuuziba, bandikeni kipande chembamba cha kioo juu yake, mkikishika kwa saruji upande huu na upande huu, kisha mwandike tarehe ukutani. Ngojeni mvua za masika zipite, tangu Machi hata Mei. Kioo kikiwa kizima, ukuta umetulia, nao waweza kuzibwa. Kikipasuka, nyumba bado yaenda, na fedha mtakayoiweka juu ya ukuta huo itakwenda pamoja nao. Makarani twapenda sana kuandika tarehe. Hii ni kazi ituhusuyo.

Unyevu ndio uwatoao watu wengi katika nyumba zao bila sababu ya kutosha. Ukuta ukilowa kutoka chini hata kimo cha goti au kiuno, rangi ikababuka na unga mweupe wa chumvi ukatokea, hayo ni maji ya ardhini yapandayo. Mafundi wengi wana dawa moja tu: piga plasta ya saruji. Katika ukuta wa tofali la saruji dawa hiyo huficha ugonjwa kwa muda. Katika ukuta wa udongo, au wa mawe na chokaa, ni sumu, maana saruji haipitishi unyevu kwa wepesi; basi maji hufungiwa ndani, ukuta ukaoza nyuma ya ngozi ngumu, hata siku moja plasta huanguka vipande vipande na udongo wake umeshikamana nayo. Ukuta wa udongo hutaka plasta ya udongo au ya chokaa. Na zaidi ya hayo hutaka maji ya mvua yaondolewe mguuni pake: paa litokeze vya kutosha nje ya ukuta, mfereji uchimbwe, na ua upewe mteremko wa kuyapeleka maji mbali. Tumeona mtu akitafuta mnunuzi wa nyumba kwa sababu ya unyevu ambao mfereji wa kazi ya siku mbili ungeuondoa.

Ndugu zetu wa Unguja wazijua habari hizi kuliko sisi. Nyumba za Mji Mkongwe, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Zikitunzwa huishi miaka mingi sana. Zikiachwa mapaa yake yakavuja, boriti huoza vichwani, pale zinapoingia ukutani ambapo macho hayafiki. Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa katika kutengenezwa lilipoanguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Hatulitaji ili tuwahukumu waliokuwa wakifanya kazi pale. Twalitaja kwa sababu watu wadhani nyumba huwa katika hatari ikiachwa tu, na ya kuwa siku fundi aingiapo hatari imekwisha. Sivyo. Nyumba ya kale imezoea kujishikilia kwa namna yake, na wakati wa kuifungua ndio wakati wa kuihadhari zaidi. Mwenye kuitengeneza na aanze kwa kuitegemeza kwa magogo, hata kama fundi acheka.

Hapo twafika kwenye namna ya matengenezo tunayoiogopa. Mtu wa Magomeni aona jirani yake amevunja ukuta wa vyumba vya mbele, ametia milango mipana, na sasa ana fremu mbili za maduka zenye kulipiwa kodi kila mwezi. Naye ataka. Au aambiwa, "Nyumba yako ni imara, ongeza ghorofa moja tu." Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lililokuwamo watu na biashara zao lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Hayo yalikuwa majengo makubwa, lakini uzito haujui cheo cha mwenye nyumba. Msingi uliochimbwa kubeba tofali na bati haukuandaliwa kubeba zege, na ukuta wa mbele ambao mtu aona ni wa kupendezesha baraza tu huenda ndio uliobeba vichwa vya kenchi. Mwenye kutaka kubadili umbo la nyumba na amlipe mhandisi aufukue msingi na kuutazama, kisha aombe kibali cha ujenzi kwa Halmashauri ya mji wake. Ikiwa hana fedha ya kumlipa mhandisi, basi hana fedha ya ghorofa.

Tumesema ubovu wa ardhi hauna fundi. Desemba 2011 mvua kubwa ilifurika Dar es Salaam, ikawafisha watu wengi, na mwaka uliofuata Serikali iliwapa viwanja kule Mabwepande waliokuwa wakikaa katika bonde la Msimbazi na mabonde mengine. Wapo walioinua nyumba huko wakakaa mpaka leo. Wapo pia waliorudi bondeni, na watu wa mjini waliwacheka. Sisi hatuwacheki. Mtu auzaye samaki wa kukaanga Jangwani hakuhama na wanunuzi wake. Nauli ya kutoka Mabwepande ilikula faida ya samaki. Kuhama kunakomtoa mtu katika maji na kumtoa pamoja na hayo katika riziki ni nusu ya kuhama. Walakini kwa mwenye nyumba iliyo ndani ya bonde hatuna shauri la matengenezo hata moja. Kuinua kizingiti, kumwaga kifusi, kupanga mifuko ya mchanga, yote hayo huyapeleka maji kwa jirani, nayo huja tena mwaka mwingine. Huyo na ahame, bali aitafute kwanza kazi yake itakuwa wapi, ndipo atafute kiwanja.

Karatasi nazo ni ardhi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilihesabiwa kuwamo ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro. Nyingine zilikuwa za matofali mazuri, zina vigae sakafuni na geti la chuma. Mwenye kutia vigae katika nyumba yenye alama ya X ukutani ameitengenezea tingatinga njia laini. Kwa hiyo kabla ya mtu kununua mfuko mmoja wa saruji, na aitoe karatasi yake aisome. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yajua hati ya kumiliki, ambayo huweza kuwa ya miaka 33, 66 au 99. Yajua pia leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi, kwa waliojenga mahali pasipopimwa. Mwenye leseni aweza kuziba paa, kuchimba mfereji na kupaka chokaa bila wasiwasi mwingi. Kujenga ghorofa juu ya leseni hatumshauri. Na kwa mwenye kununua kwingine, hati aonyeshwayo na mwuzaji haitoshi. Na aende kwa Msajili wa Hati aombe daftari litazamwe, amwulize na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha awaulize majirani wa pande zote nne, maana kiwanja kimoja kimepata kuuzwa kwa watu watatu na wote watatu wakapewa risiti.

Sasa fedha, kwa kuwa tumeingojesha. Umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa Serikali ya Tanzania ni miaka 60, na kwa hiari miaka 55. Wengi wetu huahirisha shauri la nyumba hata siku hiyo, tukisema mkupuo utajibu. Lakini mkupuo si ule wa zamani. Watumishi waliokuwa wakipokea nusu ya mafao yao kwa mkupuo waliwekewa asilimia 33 mwaka 2022, na mwaka 2024 ikapandishwa kuwa asilimia 40. Inayobaki huja kidogo kidogo kila mwezi, nayo ni ya chakula na dawa. Basi mwenye kuhesabu nyumba mpya kwa mkupuo alioupata baba yake anahesabu fedha za mtu mwingine.

Nyumba mpya hupendeza katika hesabu kwa sababu hesabu ya watu wengi hukoma pale pale ghali inapoanza. Kuta huinuka upesi, na mtu akiona boma lake limefika kwenye linta hualika jamaa waje walitazame. Hajaezeka. Hajatia milango, madirisha na nondo zake, plasta, sakafu, maji, umeme, wala shimo la choo. Mafundi wazee hutuambia kuwa boma lililofika hapo halijafika nusu ya safari. Shikeni barabara yoyote itokayo mjini mtaona maboma yameota majani ndani, na mpapai umesimama mahali palipokusudiwa kuwa sebule. Maboma hayo mengi ni mikupuo ya watu. Na mwenye boma mara nyingi yu katika chumba cha kupanga, maana aliiuza nyumba ya zamani ili apate fedha ya kuanzia. Kila mwezi alipa kodi kwa fedha ambayo ingenunua bati. Kwa hiyo twalisema neno hili kwa nguvu kuliko mengine yote: asiiuze mtu nyumba anayolala mpaka ile aendayo ina paa, ina mlango wenye kufuli na ina choo. Akiweza kuhamia chumba kimoja kilichokwisha, na ahamie hicho. Vingine atavimaliza akiwa ndani.

Hata mahali ambapo mkono wa Serikali ulikuwamo, kungoja kulikuwa kurefu. Wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, waliondolewa nyumba zao za zamani zikabomolewa, na maghorofa mapya yalifunguliwa Machi 2022, ikiwa imepita yapata miaka 10. Katika miaka hiyo mtoto wa darasa la kwanza alikwisha kuwa kijana.

Matengenezo yana sifa moja ambayo nyumba mpya haina: hukubali mshahara. Mtu aweza kuezeka vyumba viwili mwaka huu na viwili mwaka ujao, naye angali analala kwake. Ila afuate utaratibu. Paa kwanza, kabla ya masika; kisha maji ya nje; kisha kuta; kisha sakafu. Rangi ndiyo ya mwisho. Twaona haya kusema neno jepesi hivi mbele ya watu wazima, lakini tumeona nyumba zilizopakwa rangi kwa ajili ya sikukuu na ndoo ya kukinga maji imewekwa juu ya kitanda.

Katika mizani ya kuhama muiweke na safari. Karani akihamia mahali pa saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, kwa siku 5 za kazi ni saa 20 kila juma. Kwa majuma 48 ni saa 960, yaani siku 40 kamili, usiku na mchana, ndani ya daladala, kila mwaka. Atoke kwake saa kumi na moja alfajiri, arudi watoto wamelala. Muiweke pia kodi ya vyumba vya mbele ambayo hataipata tena, shule ya watoto, zahanati, na majirani ambao humzika mtu bila kuuliza ametoa mchango lini. Mambo haya hayana risiti, ndiyo maana makarani huyasahau.

Tena kuna jambo wauzaji wachache walijualo. Katika mitaa ya katikati ya mji, mnunuzi hainunui nyumba. Anunua kiwanja, naye ataibomoa nyumba juma lile lile apewapo funguo. Mwenye nia ya kuuza Kariakoo asitie hata tofali moja kwa kutaka kupandisha bei. Na mfanyabiashara akija kwake kusema, "Nipe kiwanja nijenge ghorofa, nitakupa fremu na vyumba viwili," asitie sahihi barazani. Maneno hayo yaandikwe na wakili wake mwenyewe, si wakili aliyekuja na mgeni, na yataje mwenye nyumba atalala wapi na atalipiwa na nani mpaka jengo litakapokwisha.

Tumebakiza ubovu wa tatu, ule wa watu. Tuseme baba amefariki ameacha nyumba na watoto watano, mirathi haijafunguliwa, naye mtoto mmoja, aliye karani, ndiye mwenye mshahara. Paa lavuja. Je, aezeke? Akiezeka kwa fedha yake bila neno, ndugu watasema ameezeka nyumba ya baba, naye moyoni atasema nyumba ni yake. Na siku ya kuuza itakuwa siku ya mahakama. Huyo na afungue mirathi kwanza, hata kama mvua zaingia ndani miezi mingine miwili. Kisha kila gharama iandikwe, wote watie sahihi, ijulikane ni mkopo au ni sadaka. Nyumba nyingi katika miji yetu zimeoza kwa sababu hii tu. Fundi hakukosekana, wala fedha haikukosekana. Kila ndugu aliogopa kutengeneza fungu la mwenziwe.

Na kuhusu mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yakataza mmoja wao kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Wapo waume wasikiao habari hii kwa mara ya kwanza wakiwa mbele ya wakili. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, twauliza: ni nani aijuaye nyumba? Mume aijua nyumba kuanzia magharibi mpaka alfajiri, gizani. Mke, hasa ashindaye nyumbani, ajua bomba lipi halitoi maji saa nane mchana, moshi wa jiko huelekea chumba gani, na mtoto yupi hukohoa katika chumba kipi. Mabwana wanaotaka kuhama na waulize kwanza kwa nini, kisha wanyamaze. Mara nyingi watasikia kwamba kinachotakiwa ni jiko lenye bomba la moshi na choo cha pili. Na Mabibi wenye mishahara waliomo humu, sheria hiyo yawahusu kwa namna hiyo hiyo. Nao wasinunue kiwanja kwa siri wakidhani siri hiyo itakuwa zawadi.

Ama mtumishi aliyehamishwa kituo, yeye hana haja ya kuamua kwa haraka. Apangishe, amwachie mtu mmoja ufunguo na madaraka kwa maandishi, na ahakikishe kwamba kila mwaka, kabla ya Machi, kuna mtu apandaye juu ya paa.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza yetu, nasi twangoja maswali. Katibu ameweka daftari mezani. Mwanachama atakaye nyumba yake ikaguliwe kabla ya masika na aandike jina lake, mtaa, na namba ya kiwanja. Wanachama wawili waliofanya kazi katika idara ya ujenzi wamekubali kuzunguka siku za Jumamosi asubuhi, nao hawataki malipo ila nauli. Mwenye nyumba awe amekwisha kuazima ngazi.